Mgonjwa Anapolazimika Kuichunguza Ganzi Yake Mwenyewe

Katika kliniki nyingi za kisukari, mgonjwa anayelalamika kwamba nyayo zinamuwaka moto usiku hujibiwa kwa sentensi moja: "Mama, hiyo ni kawaida kwa wenye kisukari." Sentensi hiyo si uongo. Karibu nusu ya watu wanaoishi na kisukari huja kupata madhara ya mishipa ya fahamu, na miguu ndiyo hutangulia. Lakini aliyeambiwa hivyo bado hajajibiwa. Hajui kwa nini moto unazidi akishajinyoosha kitandani, kwa nini ganzi imepanda kutoka vidoleni hadi kwenye kifundo, kama itafika magotini, kama mwisho wake ni kukatwa mguu, wala kama vidonge anavyomeza kila asubuhi vinamsaidia au vinachangia. Anaondoka na cheti chenye jina la dawa asiyoijua. Jioni anashika simu, au anamwita mwanawe aliye chuoni akae naye, na utafiti unaanza.

Utafiti huo unastahili kuheshimiwa kuliko unavyoheshimiwa sasa. Wahudumu wa afya wengi huuona kuwa usumbufu: mgonjwa amesoma mambo nusunusu, anakuja na hofu, anachelewesha foleni. Katika ugonjwa huu hasa, mimi nauona kama sehemu ya uchunguzi wenyewe. Habari inayoweza kufumbua chanzo cha ganzi mara nyingi haiko maabara. Iko kwa mgonjwa, katika mfuko wake wa dawa, katika anachokula, katika tarehe anazozikumbuka yeye peke yake. Tatizo ni kwamba hakuna aliyemwambia atafute nini, kwa hiyo anakimbilia kutafuta dawa ya ganzi kabla hajauliza ganzi imetoka wapi.

Nyuropathi, yaani kuharibika kwa neva za pembezoni, ni jina la pamoja linalobeba vyanzo zaidi ya 100. Kisukari kinaongoza, lakini nyuma yake kuna upungufu wa vitamini, pombe, ukoma, virusi vya UKIMWI, figo zilizochoka, tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, dawa za saratani, sumu za viwandani na shambani, magonjwa ya kurithi, na kinga ya mwili inayoishambulia neva yenyewe. Miguu hutangulia kwa sababu ya urefu. Neva inayofika kwenye kidole gumba cha mguu wa mtu mzima ina urefu wa takriban mita 1, na kiini kinachoilisha kimekaa huku juu, karibu na uti wa mgongo. Mahitaji yote husafirishwa umbali huo wote. Ni kama kijiji kilicho mwisho wa bomba: maji yakipungua kwenye chanzo, huko ndiko mabomba hukauka kwanza. Ndiyo maana ganzi inayotokana na sukari au upungufu wa vitamini huanza vidoleni, huja miguu yote miwili kwa pamoja, hupanda polepole kama soksi inayovutwa, na kwa kawaida vidole vya mikono hufuata pale inapokaribia magoti.

Kuna jambo lingine ambalo likielezwa humwondolea mgonjwa fedheha kubwa. Neva hazina unene mmoja. Zile nene hubeba hisia ya mtetemo na ya kujua mguu uko wapi hata gizani. Zile nyembamba hubeba maumivu na joto. Kipimo cha umeme wa neva, kile ambacho mtu husafiri kwenda hospitali kubwa na kulipia kwa taabu, hupima nene tu. Anayeumwa neva nyembamba hupata majibu safi kabisa huku nyayo zake haziwezi kuvumilia hata kuguswa na shuka. Akiambiwa "vipimo vyako vyote viko vizuri" anaelewa kwamba hasadikiwi. Kipimo kinachozigusa neva hizo nyembamba, kipande cha ngozi cha milimita 3 kinachohesabiwa nyuzi zake kwa hadubini, hakipatikani kirahisi katika nchi zetu. Daktari anaweza kulisema hilo kwa dakika moja. Asipolisema, mgonjwa atalikuta mwenyewe saa 8 za usiku, na imani yake kwa hospitali itakuwa imeshavunjika.

Ukimya wa daktari una sababu zake, na si zote ni dharau. Madaktari bingwa wa mishipa ya fahamu ni wachache na wengi wao wako miji mikubwa. Foleni ya kliniki haitoi nafasi ya kumvua mgonjwa viatu, sembuse kumweleza. Mafunzo ya kawaida ya udaktari huigusa neva kwa haraka na kuendelea. William Howlett, daktari wa neva aliyefanya kazi miaka mingi katika hospitali ya KCMC huko Moshi, Tanzania, aliliona pengo hilo na mwaka 2012 akatoa kitabu kizima cha magonjwa ya mfumo wa fahamu barani Afrika, kinachosomwa bure. Na kuna sababu ambayo huzungumzwa mara chache zaidi: hata katika nchi zenye kila mashine, takriban robo hadi theluthi ya wagonjwa wa nyuropathi huchunguzwa mpaka mwisho na chanzo kisionekane. Daktari anaogopa kutamka "sijui", hivyo anasema "kawaida", na neno hilo linafunga mlango ambao "sijui" lingeuacha wazi.

Kisha inakuja dawa. Mgonjwa ameandikiwa amitriptilini ya miligramu 10 au 25, ameze usiku. Anasoma karatasi ya ndani ya boksi na kukuta ni dawa ya sonona. Anajiuliza kama daktari amemwona mwendawazimu. Au ameandikiwa kabamazepini, na jirani anayeitambua anamwambia, "Hii si ndiyo anayotumia mtoto wa fulani mwenye kifafa?" Wengi huacha hapo hapo. Dawa zote mbili zina sababu ya kutolewa: hutuliza neva inayopiga kelele ovyo, na kwa kazi hiyo amitriptilini hutolewa kwa kipimo kidogo kuliko cha kutibu sonona. Haziponyi neva wala haziondoi ganzi. Hupunguza moto na kumpa mtu usingizi. Maelezo hayo yanatosha kumfanya mtu amalize dozi. Yasipotolewa, dawa huishia kabatini na daktari huandika kwamba mgonjwa hafuati maelekezo.

Hapa ndipo naufikia mfuko wa dawa, kwa sababu historia ya nyuropathi katika Afrika Mashariki kwa sehemu kubwa ni historia ya dawa nzuri zilizotolewa bila maelezo.

Isoniazidi, nguzo ya tiba ya kifua kikuu, ilianza kutumika mwaka 1952. Miaka 2 baadaye ilikuwa tayari inajulikana kwamba humaliza vitamini B6 mwilini na kuleta ganzi na moto miguuni, na kwamba kidonge kidogo cha piridoksini, ambayo ndiyo B6 yenyewe, huzuia madhara hayo. Leo miligramu 10 hadi 25 kwa siku hutosha kumkinga aliye hatarini zaidi: mjamzito, mwenye VVU, mwenye kisukari, mnywaji wa pombe, mwenye lishe duni, mwenye figo mbovu. Watu wengi hurithi ini linaloiondoa isoniazidi polepole, nao huumia zaidi. Anayeanza kuhisi sindano nyayoni katikati ya dozi ya TB au ya kinga ya TB ana haki ya kuuliza swali fupi: nimepewa piridoksini? Mara nyingi kosa ni kwamba kidonge hicho kiliisha stoo na mgonjwa hakuambiwa.

Stavudini, dawa ya virusi vya UKIMWI, ilikwenda mbali zaidi. Katika miaka ya kwanza ya ARV za bure ilikuwa ndani ya mchanganyiko uliowafikia watu wengi sana, nayo iliokoa maisha yao. Wengi wao walianza kulalamika ganzi na moto wa miguu, na si wachache walioambiwa ni virusi tu. Virusi kweli vinaweza kuharibu neva, ndiyo maana jibu hilo lilionekana la busara. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilizitaka nchi ziiondoe dawa hiyo taratibu kwa sababu ya madhara yake ya muda mrefu, mengine yasiyorekebishika. Wapo hadi leo watu wanaotumia dawa mpya, virusi vyao havionekani kwenye kipimo, na miguu yao bado ina ganzi ya miaka ile. Wakienda kituo cha afya, kijana anayewahudumia hajawahi kuiona stavudini. Historia hiyo wanaibeba wao. Wasipoitaja, haiwezi kuonekana kwenye kipimo chochote.

Metformini ndiyo inayonisumbua zaidi, kwa kuwa ipo sasa hivi kwenye meza za mamilioni ya watu. Ni dawa bora ya kisukari, ya bei nafuu, na mtu asiiache kwa sababu ya makala hii. Lakini hupunguza ufyonzwaji wa vitamini B12 kwenye utumbo. Ini lina akiba ya B12 ya miaka kadhaa, kwa hiyo hakuna kinachoonekana mwanzoni; upungufu hujitokeza baada ya miaka, na hujitokeza kwa ganzi ya miguu. Ganzi hiyo inafanana na ya kisukari kiasi kwamba kila mtu huilaumu sukari. Sasa tazama mambo yanavyorundikana kwa mgonjwa mmoja. Mtaalamu wa lishe amemwambia apunguze nyama. Daktari wa tumbo amempa omeprazoli, ambayo nayo hupunguza B12. Metformini anaendelea nayo mwaka wa saba. Kila ushauri, ukiutazama peke yake, ni sahihi. Hakuna ofisi iliyoyajumlisha, na B12 haipatikani kwenye mboga wala nafaka. Ipo kwenye maini, samaki, dagaa, mayai na maziwa. Mwaka 1971 jarida la kitabibu la Uingereza lilichapisha matokeo ya kupima B12 za watumiaji wa muda mrefu wa metformini. Ilipofika 2022 ndipo mamlaka ya dawa ya nchi hiyo hiyo ilipoutangaza upungufu wa B12 kuwa madhara ya kawaida ya dawa hiyo, na kuwataka madaktari wawapime wenye dalili. Katika nusu karne iliyopita kati ya miaka hiyo miwili, watu wangapi waliambiwa "ni kawaida"? Upungufu huu unatibika. Ukiachwa muda mrefu, sehemu ya madhara hubaki.

Na hapa utafiti wa mgonjwa mwenyewe unaweza kumgeukia. Akishasikia "vitamini B", anakwenda duka la dawa na kununua mchanganyiko wa B1, B6 na B12, kisha anaumeza miezi na miaka. Vidonge vingi vya aina hiyo vina miligramu 100 au 200 za B6 kwa kidonge kimoja. B6 ikipungua huleta ganzi, na ikizidi huleta ganzi vilevile. Mwaka 1983 daktari wa neva Herbert Schaumburg na wenzake walieleza habari za watu wazima saba walioharibika neva za hisia kwa kumeza B6 kwa gramu. Mwaka 2023 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya iliweka kiwango cha juu cha mtu mzima kuwa miligramu 12 tu kwa siku. Kozi fupi kwa maelekezo ya daktari ni jambo tofauti na kumeza kidonge kila siku bila mwisho. Mtu anayeongeza kidonge cha pili kwa sababu ganzi imezidi anapaswa kujua kwamba huenda anaongeza chanzo chenyewe.

Anayetafuta kwa Kiswahili hukutana kwanza na wauzaji. Kuna unga wa kusafisha mishipa, mafuta ya kuchua, virutubisho vya bei kubwa vyenye ushuhuda wa watu waliopona kila kitu kuanzia nguvu za kiume hadi kiharusi. Anayejua Kiingereza hukutana na orodha ndefu ya magonjwa ya kutisha na kujipa moja, kwa kawaida lile baya kuliko yote. Nyumbani nako kuna ushauri wa wazee: kanda kwa maji ya moto na chumvi. Huu ndio ushauri ninaouogopa kuliko ule wa wauzaji, kwa kuwa unatolewa kwa upendo. Mguu usiohisi joto hauwezi kusema "basi". Watu huungua nyayo bila kujua, kidonda kinaoza, na safari ya kukatwa inaanza kwenye beseni.

Wengine huambiwa na mganga kwamba wamekanyaga kitu, wametegewa. Nimesikia watu wenye elimu wakiwacheka wagonjwa hao, na kicheko hicho hakistahili. Mganga amekaa na mgonjwa, amemuuliza moto ulianza lini, ulianza mguu gani, alikuwa ametoka wapi, nani kwao aliwahi kuumwa hivyo. Ni maswali yale yale ambayo kitabu cha tiba kinamtaka daktari ayaulize. Jibu la mganga si sahihi, na linaweza kuvunja udugu wa familia nzima, lakini alitoa kitu ambacho kliniki haikutoa, nacho ni sababu. Ukitaka mtu aachane na sababu ya uongo, mpe ya kweli.

Gharama ya kutoelezwa inaonekana miguuni. Daktari Zulfiqarali Abbas na wenzake wa Dar es Salaam waliandika mwaka 2005 kuhusu wagonjwa wa kisukari walioumwa na panya miguuni wakiwa wamelala, bila kuamka, kwa sababu hawakuhisi. Kwa watu hao elimu iliyokosekana ilikuwa rahisi: mguu huu hausikii, kwa hiyo utazame kwa macho kila jioni, lala chini ya chandarua kilichochomekwa vizuri, usitembee peku, kung'uta kiatu kabla ya kukivaa. Abbas alisaidia kuanzisha mpango wa kuwafundisha madaktari na wauguzi wa mikoani kuikagua miguu kabla ya vidonda, na vifaa vyake vikuu ni uzi wa nailoni unaobonyeza kwa uzito wa gramu 10 na mkono wa mtu aliyefundishwa.

Kuna jambo jingine dogo ambalo huwakatisha tamaa hasa wale wenye bidii. Mtu ambaye sukari yake ilikuwa juu miaka mingi anaamua kubadilika. Anaishusha kwa kasi ndani ya miezi michache, na ghafla miguu inawaka kuliko wakati wowote. Anahitimisha kwamba tiba inamuua. Hali hiyo inajulikana tangu miaka ya 1930, hutokea sukari inaposhuka haraka mno baada ya kuwa juu muda mrefu, na kwa wengi hupoa taratibu. Kwa wenye kisukari cha aina ya kwanza, utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 1993 ulionyesha kwamba udhibiti makini wa sukari hupunguza nyuropathi kwa takriban asilimia 60. Kwa aina ya pili faida ipo lakini ni ndogo zaidi. Anayejua hayo hatakata tamaa mwezi wa pili.

Pia kuna mipaka ambayo mgonjwa mmoja mmoja, hata awe msomaji mzuri vipi, hawezi kuivuka. Kuanzia 1988 madaktari wa Dar es Salaam waliwapokea vijana waliofifia macho, baadhi yao wakiwa na ganzi au moto wa miguu pia. Miaka michache baadaye Cuba ikakumbwa na mlipuko unaofanana na huo, watu zaidi ya 50,000, katika kipindi cha uhaba mkali wa chakula. Serikali iligawa vitamini B kwa nchi nzima na mlipuko ukapungua. Kijana aliyetafuta chanzo ndani ya mwili wake peke yake asingeona kitu ambacho kilionekana tu pale watu wengi walipohesabiwa pamoja. Malalamiko ya mgonjwa yakiandikwa kwenye daftari la kliniki kama "kawaida", hesabu hiyo haiwezi kufanyika.

Na kuna ganzi ambayo haitakiwi kutafitiwa nyumbani hata kwa usiku mmoja. Udhaifu unaopanda kutoka miguuni ndani ya siku chache, hasa baada ya kuharisha au mafua, unaweza kuwa ugonjwa wa Guillain-Barré, ulioelezwa mwaka 1916, ambao unaweza kufikia misuli ya kupumua. Kushindwa kuzuia mkojo au haja kubwa, ganzi ya sehemu zinazokaliwa, mguu mmoja kudondoka ghafla, upande mmoja wa mwili kulegea: yote hayo ni ya hospitali sasa hivi. Baka la ngozi lisilohisi ni la kituo cha afya wiki hiyo hiyo, kwa kuwa ukoma bado upo kwetu, dawa zake ni za bure, na zikiwahi huzuia ulemavu. Mwenye kisukari ambaye udhaifu wake unazidi ganzi na unapanda haraka mwezi hadi mwezi aombe aonwe na bingwa, kwa sababu huenda ni kinga ya mwili inayoishambulia neva, na hiyo ina tiba yake.

Kwa wengine wote, utafiti wenye faida unaingia kwenye ukurasa mmoja wa daftari: ilianza lini na wapi, mguu mmoja au yote miwili, inapanda au imesimama, dawa zote ulizowahi kutumia na mwaka ulioanza kila moja, zikiwemo za TB, za mitishamba na za dukani, pombe, kemikali za kazini, nani katika ukoo aliwahi kuwa na miguu ya namna hiyo. Ukurasa huo daktari anausoma kwa dakika 2, na unamfanyia kazi ambayo foleni imemnyima. Swali la kumpelekea nalo ni tofauti na "nipe dawa ya ganzi". Muulize ni vyanzo gani vimeshaondolewa kwa vipimo na vipi bado. Sukari, figo, picha kamili ya damu, VVU, kaswende, tezi na B12 ndio mwanzo wa kawaida. B12 mara nyingi hulazimu kulipia maabara binafsi, na kwa anayetumia metformini miaka mingi naiona fedha hiyo kuwa ya kwanza kutumika, kabla ya kirutubisho chochote.

Daktari naye ana mambo manne ya kuandika kwenye cheti ambayo hayagharimu kitu: kipi kimeondolewa, kipi hakijulikani, lini tutapima tena, na uponyaji utachukua muda gani. Muda huo wagonjwa wengi hawajawahi kuambiwa. Neva ikiota upya, katika hali nzuri, huenda takriban milimita 1 kwa siku. Kutoka kiunoni hadi kidoleni ni karibu miaka 3. Aliyechomwa sindano za B12 na kuona wiki 2 zimepita bila badiliko anaweza kuziacha akiamini zimeshindwa, kumbe moto huanza kupoa baada ya miezi, ganzi hufuata nyuma sana, na sehemu iliyokufa kabisa inaweza isirudi. Kwa wiki hizo 2 alihitaji kujua tu kwamba ni mapema mno kuhukumu, na tarehe ya kurudi kliniki.